Maswali Yenu ya Mazoezi: Saa Yasema 612, Mashine Yasema 455

Barua za mwezi huu zimenikuta nikiwa na hamu ya kuzijibu, maana karibu zote zinauliza kuhusu kazi niliyoifanya kwa miaka 11, kabla ya kuanza kuandika ukurasa huu. Nilikuwa fundi wa maabara ya mazoezi: navalisha watu barakoa, wanapanda kwenye mashine, wanakimbia, mimi napima pumzi yao. Nimezifupisha barua bila kubadili maana.

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 35 na uzito wa kilo 82. Jumamosi nilikimbia kilomita 5 kwenye mashine ya kukimbilia kwa dakika 40. Nilipomaliza, mashine iliandika kalori 455, saa yangu ya mkononi ikaandika 612. Vyote viwili nilishaviwekea umri na uzito wangu. Niamini kipi? – Mkimbiaji wa jioni

Marahaba. Ya mashine iko karibu zaidi na ukweli. Naomba univumilie nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu jibu lako ndilo litakalobeba majibu ya wengine.

Hakuna saa wala mashine ya mazoezi inayopima kalori. Hakuna hata moja. Zote zinapima kitu kingine, kisha zinakisia. Msuli unapofanya kazi unatumia oksijeni, na kwa kila lita moja ya oksijeni mwili unatoa nishati ya kalori zipatazo 5. (Hizi tunazoziita kalori kwenye saa na kwenye pakiti za vyakula ni kilokalori. Nitaendelea kusema kalori kama tulivyozoea.) Kwa hiyo anayetaka kujua nishati uliyotumia ni lazima ajue oksijeni uliyotumia, na oksijeni haionekani mkononi. Iko kwenye pumzi.

Kila asubuhi kabla mtu wa kwanza hajaingia, nilikuwa naionjesha mashine yetu gesi kutoka kwenye mtungi ambao viwango vyake vinajulikana. Kisha nachukua bomba la lita 3, limefanana na bomba la sindano ila ni nene kama paja, nalisukuma na kulivuta taratibu mara kadhaa mpaka mashine ikubali kwamba lita 3 ni lita 3. Mtu akifika anavaa barakoa ya mpira inayobana pua na mdomo. Naziba tundu la mbele kwa kiganja, namwambia apulize, huku vidole vya mkono wa pili vinatembea pembeni mwa pua yake kutafuta upepo unaovuja. Ukivuja pale, hata kidogo, hesabu yote ya siku hiyo imekwenda na maji.

Baada ya hapo hesabu yenyewe ni ya kawaida sana. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.93. Ya kutoka, kwa mtu anayekimbia, inaweza kuwa na asilimia 17. Kama anapitisha lita 50 za hewa kwa dakika, basi karibu lita 2 za oksijeni zimebaki mwilini, na lita 2 mara 5 ni kalori 10 kwa dakika. Tunapima pia hewa ya ukaa anayoitoa, kwa sababu uwiano wake na oksijeni unaonyesha mwili unachoma nini: ukikaribia 0.7 mafuta ndiyo yanayoungua kwa wingi, ukikaribia 1.0 ni wanga. Mwingereza Douglas alifanya hesabu ya namna hii mwaka 1911 kwa mfuko mkubwa ambao mtu aliubeba mgongoni na kupulizia ndani. Mashine zetu ni za kisasa, lakini wazo ni lile lile.

Sasa turudi kwako. Mashine ya kukimbilia inajua kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni mwendo wa mkanda. Kwa bahati nzuri kukimbia kuna tabia inayotabirika: juu ya kile ambacho mwili ungetumia ukiwa umekaa, kila kilo ya mwili hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilomita, uende haraka au polepole. Kilo 82 kwa kilomita 5 ni 410. Ongeza zile ambazo ungezitumia hata ungekuwa kwenye kochi kwa dakika hizo 40, ambazo ni kama 55. Jumla 465. Mashine yako ilisema 455, imekaribia vizuri. Ila kama ulishika vyuma vya pembeni, punguza. Mikono ikibeba sehemu ya uzito miguu inapumzika, na mashine haina habari kwamba umeegemea.

Saa imepitia mlango mwingine. Inamulika taa ya kijani kwenye ngozi, inasoma damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo, inapata mapigo ya moyo, halafu inakisia kalori kutokana na mapigo hayo. Na moyo hauendeshwi na miguu peke yake. Ukiwa kwenye joto unakwenda mbio ili kupeleka damu kwenye ngozi. Ukiwa hujanywa maji ya kutosha unakwenda mbio kwa kuwa damu imepungua ujazo. Usingizi mbaya, kahawa, wasiwasi, vyote vinaupandisha, na hakuna hata kimoja kinachoongeza kilomita. Hata ukikimbia kwa kasi ile ile kwa muda mrefu, mapigo hupanda pole pole yenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya mkononi. Kwenye mapigo ya moyo, vingi vilikosea kwa chini ya asilimia 5, jambo la kupongezwa. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93.

Usiitupe saa yako. Ilinganishe na yenyewe. Ukikimbia kilomita zile zile, saa ile ile, hali ya hewa ile ile, na mapigo yakawa 148 mwezi huu na 141 baada ya miezi miwili, hiyo ni habari ya kweli na ni ya thamani. Ile 612 iache hapo hapo ilipo.

Mwalimu, nina miaka 64 na nimekuwa nikitembea vilimani miaka mingi. Watoto wamenizawadia saa inayopima moyo. Kila nikipanda inafika 160 mpaka 165 na kupiga kelele kwamba nimevuka kiwango changu cha juu, 156. Sisikii maumivu wala kizunguzungu, nahema tu kama siku zote. Lakini sasa naogopa. Nimeacha mlima wiki ya tatu. – Mama wa mlimani

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna kitu imenikumbusha.

Miaka yangu ya mwanzo maabara nilimpima mama mmoja wa rika lako. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu akifika asilimia 85 ya kiwango cha juu kilichokadiriwa kwa umri wake, tunasimamisha mashine. Alifika mapema sana, bado anaongea na mimi vizuri, bado uso wake mkavu. Nikasimamisha. Akaniuliza, "Moyo wangu una shida?" Badala ya kumwambia kwamba hesabu yetu ni ya kukadiria, nikamwambia asubiri ripoti. Akaenda nyumbani na hofu, na nilikuja kusikia kwamba aliacha kutembea kabisa. Moyo wake haukuwa na kasoro yoyote. Namfikiria kila ninapoiona namba hiyo, kwa hiyo wewe nakueleza yote.

Hiyo 156 imetokana na 220 kutoa umri. Ni kanuni iliyoenea duniani kote kutokana na maandishi ya Fox na wenzake ya mwaka 1971. Haikutokana na utafiti uliofanywa mahususi kuitafuta. Ni mstari uliochorwa juu ya takwimu zilizokusanywa huku na huku, ukakubalika kwa sababu ni rahisi kuukumbuka. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipitia tafiti nyingi na kupata mstari mwingine: 208 kutoa 0.7 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zinatoa 180. Kadiri umri unavyosonga zinaachana, na kwako ya pili inatoa 163.

Lakini hata 163 ni wastani wa watu wengi. Watu wa umri mmoja hutofautiana, na kutofautiana kwa mapigo 10 juu au chini ni kawaida kabisa, wapo hata wanaozidi hapo. Chukua watu wa miaka 64 ukawapanga mstari: mmoja mwisho wake 150, mwingine 175, na wote ni wazima. Ukiwa unafika 165 mlimani na bado unapanda, basi kiwango chako cha juu si 156. Hakiwezi kuwa. Mtu hapiti kiwango chake cha juu, ndiyo maana kikaitwa hivyo.

Kuna njia inayokuheshimu zaidi, ya Mfini Karvonen, ya mwaka 1957. Inaanza na moyo wako wewe ukiwa umepumzika. Ukiamka, kabla hujanyanyuka kitandani, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kina mapigo yake na kitakuchanganya. Hesabu dakika nzima. Fanya asubuhi tatu, uchukue wastani. Tuseme umepata 60. Toa 60 kwenye 163, inabaki 103, hiyo ndiyo akiba ya moyo wako. Mazoezi ya wastani ni asilimia 40 mpaka 59 ya akiba hiyo juu ya 60, yaani mapigo 101 mpaka 121 hivi. Kutoka hapo kwenda juu ni mazoezi makali. Na kwa kuwa mwisho wako inaelekea uko juu ya 163, hata hizo zisogeze mbele kidogo.

Nenda kwa daktari umweleze mambo mawili: kwamba unafika 165 ukipanda, na kwamba husikii chochote kibaya. Kwa umri wetu huu kupimwa moyo ni jambo zuri hata bila saa. Na ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, moyo kuruka ruka, au pumzi kukatika kwa namna usiyoizoea, simama na utafute msaada siku hiyo hiyo, namba iwe 165 au 110. Akikuruhusu, kwenye saa kuna sehemu ya kubadilisha kiwango cha juu. Mwambie mmoja wa watoto akuwekee. Urudi mlimani, mama.

Nina miaka 58, natumia dawa ya presha ya kundi la beta-bloka tangu mwaka jana. Zamani nikitembea haraka mapigo yalifika 130. Sasa najitahidi hadi jasho linatiririka, hayapiti 105. Saa inasema nafanya "mazoezi mepesi". Je, nakimbiza upepo? – Mgonjwa asiyetaka kulala

Hapana kaka yangu. Kazi unayoifanya ni ile ile, kilichobadilika ni moyo kuwekewa breki. Dawa hizo zinazuia moyo usiitikie sana homoni za kuuharakisha, na ndiyo kazi zilizotengenezewa. Miguu inafanya kazi kama zamani, mapafu kama zamani, ila kaunta imeshikwa. Saa haijui kwamba unameza dawa. Kwa hiyo kanuni zote nilizompa mama hapo juu, wewe ziruke. Na nakuomba sana usipunguze wala kuruka dozi ili namba zipande. Kuacha dawa hizi ghafla ni hatari kubwa.

Tumia kipimo cha Borg. Gunnar Borg alikuwa mwanasaikolojia wa Sweden, na alichofanya ni kumuuliza mtu swali ambalo wengine waliliona la kitoto: unaonaje, ni ngumu kiasi gani? Akatengeneza ngazi inayoanza 6 na kuishia 20. Watu hushangaa kwa nini inaanza 6. Ni kwa sababu ukizidisha kwa 10 unapata takriban mapigo ya kijana mwenye afya: 6 ni kupumzika, mapigo 60, 20 ni mwisho wa uwezo, mapigo 200. Kwako kuzidisha huko hakufanyi kazi tena, ila ngazi yenyewe inafanya. Namba 9 ni kazi nyepesi sana, kama kutembea bila haraka. 11 ni nyepesi. 13 ni ngumu kiasi, lakini unaona unaweza kuendelea. 15 ni ngumu. 17 ni ngumu sana, unajilazimisha. Mazoezi ya wastani yako 12 mpaka 13, na hapo ndipo wewe ukae, isipokuwa daktari wako akikwambia vingine.

Kuna kosa moja nililiona kila wiki maabara. Ukimuuliza mtu ni ngumu kiasi gani, anajibu kwa kiungo kinachomuuma zaidi. Paja likiwaka anasema 17, kumbe pumzi yake imetulia. Jipe namba ya mwili mzima kwa pamoja: pumzi, miguu, uchovu, vyote kwenye kapu moja. Wanaume wengi pia hushusha namba ili waonekane imara. Pale ulipo hakuna anayekutazama, sema ukweli.

Dada, nina mtoto wa miezi saba. Natembea naye kila siku dakika 50 nikisukuma kigari chake, lakini simu yangu ikiwa nyumbani na saa mkononi, hatua zinaandikwa 900 tu! Nimekata tamaa ya kufika 10,000. – Mama mpya

Hongera kwa mtoto. Saa yako inahesabu hatua kwa kusikia mkono unavyopepea. Mkono ulioshika kigari haupepei, kwa hiyo saa inaona umesimama. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeendesha baiskeli, anayebeba ndoo, anayepanda ngazi ameshika chuma, na anayesukuma mizigo. Hawa wote wanafanya kazi kubwa kuliko anayetembea mikono mitupu, na kwenye kifaa wanaonekana wavivu. Hili linaniudhi, kwa sababu kazi zisizoonekana kwenye vifaa ni nyingi mno, na wanaozifanya nao huanza kuamini kwamba hawajafanya kitu. Vaa saa kwenye kifundo cha mguu kama mkanda unafika, au iweke mfukoni mwa suruali.

Kuhusu 10,000: namba hiyo ilikuja Japani mwaka 1965 na kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa "Manpo-kei", maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara kabla ya kuwa ushauri wa afya. Kwako ningependa uangalie kasi. Hesabu hatua zako kwa sekunde 15. Zikifika 25, unakwenda hatua 100 kwa dakika, na kwa watu wazima wengi huo ni mwanzo wa mazoezi ya wastani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka dakika 150 mpaka 300 za namna hiyo kwa wiki. Dakika 50 mara siku 7 ni 350. Umepita, mwanangu, na kigari juu yake.

Kwenye ukurasa wako wa nyuma ulitaja MET. Ni nini, na je, kusugua sakafu kunahesabika? – Msomaji wa siku nyingi

MET moja ni nishati mwili unayotumia ukiwa umekaa kimya. Wamekubaliana kuiita mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, sawa na kalori 1 hivi kwa kila kilo kwa saa. Kazi yenye MET 3 inakugharimu mara tatu ya kukaa. Kuanzia 3 hadi chini kidogo ya 6 ni wastani, 6 na kuendelea ni kali. Kutembea kilomita 4.8 kwa saa ni kama 3.5, kukimbia kilomita 8 kwa saa ni kama 8.3. Iko orodha ndefu ya kazi na michezo iliyotolewa kwanza mwaka 1993 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na ndiyo inayokopwa na programu nyingi za simu. Kusugua sakafu kwa magoti, kwa bidii ya kawaida, kunavuka 3. Kunahesabika.

Angalizo ni kwamba hiyo 3.5 ni wastani wa kukubaliana. Watu wengi, hasa wenye miili mikubwa, wakipimwa wakiwa wamekaa hupatikana chini ya hapo. Tumia MET kupanga kazi kwa uzito wake, usiitumie kupanga sahani.

Nataka kupungua. Kila nikimaliza mazoezi naangalia kalori nilizochoma kisha nakula kiasi hicho hicho juu ya mlo wangu, ili nisidhoofike. Baada ya miezi minne mzani umesimama pale pale, tena umeongezeka kilo moja. Nakosea wapi? – Niliyechoka na mzani

Nakuelewa, na naomba ujue kwamba hujazembea popote. Umefuata hesabu kwa uaminifu, ila hesabu yenyewe ina mashimo matatu.

La kwanza umeliona kwenye barua ya kwanza kabisa: namba ya saa inaweza kuwa kubwa mno. La pili ni kwamba saa nyingi zinakupa jumla pamoja na zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa. Ukila jumla yote, umelipwa mara mbili kwa saa ile ile. La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonibadilisha mimi mwenyewe.

Ipo njia ya kupima nishati ya mtu kwa siku nzima, wiki nzima, bila barakoa. Anakunywa maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha anaendelea na maisha yake na kuleta mikojo kwa muda wa wiki moja au mbili. Haidrojeni ile inatoka mwilini kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni ile inatoka kwa maji na pia kwa hewa ya ukaa. Kwa hiyo oksijeni nzito inakwisha mapema kuliko haidrojeni, na tofauti ya kasi zao inakuambia mtu ametoa hewa ya ukaa kiasi gani, yaani amechoma kiasi gani. Nathan Lifson na wenzake waliibuni kwa wanyama wadogo katika miaka ya 1950, na matokeo ya kwanza kwa binadamu yakachapishwa mwaka 1982. Mimi naona ni moja ya vitu vya akili sana katika fani yetu.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya njia hiyo kwa Wahadza wa Tanzania, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea mwendo mrefu kila siku. Kila mtu alitarajia wawe wanachoma nishati nyingi kupita wote. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, jumla yao kwa siku haikuwa tofauti na ya watu wazima wa Marekani na Ulaya. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi kila siku hubana matumizi kwingine, kimya kimya. Wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa kubana huko, lakini mtu aliyeshinda amejinyoosha kitandani jioni nzima baada ya kukimbia asubuhi anajua kitu ninachokisema.

Kwa hiyo usiile namba ya saa. Kula kwa njaa na kwa ratiba yako, chakula cha kutosha, na ukiwa na siku ya mazoezi marefu kweli, ya saa moja na nusu na zaidi, ongeza kidogo. Jipime mara mbili kwa wiki asubuhi, uandike, utazame mwelekeo wa wiki nne badala ya siku moja. Na mazoezi usiyaache hata mzani ukisimama. Presha, sukari, usingizi na moyo vinanufaika hata kama kilo hazijasogea, na hilo nimeliona kwa watu wengi mno kuliona kama faraja tu.

Mwalimu, umewahi kusema tujipime kwa maongezi. Nafanya mazoezi alfajiri peke yangu. Niongee na nani? – Wa alfajiri

Chagua maneno unayoyajua kwa moyo, kama 30 hivi: shairi, dua, ubeti wa shuleni, lolote lisilokufanya ukumbuke kumbuka. Anza taratibu. Kila dakika tano ongeza mwendo kidogo, kisha yaseme yote kwa sauti ya kawaida, na ujiulize: nimeweza kusema bila shida? Jibu likiwa ndiyo moja kwa moja, na ukajaribu kuimba ukashindwa, uko kwenye wastani. Likiwa hapana, neno moja moja na kuvuta pumzi katikati, uko kwenye makali.

Jibu ninalolipenda zaidi ni la katikati, lile la "ndiyo... lakini". Hapo ndipo hewa ya ukaa imeanza kujaa kwa kasi kubwa kuliko mwanzo na ubongo unaamuru mapafu yaongeze kasi, wakati kusema kunataka uishike pumzi. Amri mbili zinagombana kooni. Maabara tulikuwa tunapapata mahali hapo kwa barakoa na kompyuta na saa nzima ya kazi, na mara nyingi palikuwa jirani kabisa na pale ambapo mtu mwenyewe alianza kukata maneno.

Ukifika hapo tazama mapigo yako na mwendo wako, uviandike kwenye daftari na tarehe. Rudia baada ya wiki sita kwa mwendo ule ule. Siku utakayoyamaliza maneno yote 30 pale ambapo mara ya kwanza yalikukatikia katikati, niandikie.